Mbwa wa Nyumbani Wakati wa Jua, Mvua na Dharura: Majibu kwa Maswali ya Wananchi

Mbwa wengi nchini Tanzania hawalali ndani. Hulala barazani, chini ya gari au katika banda la mabati nyuma ya nyumba. Mchana wamefungwa, usiku wanafunguliwa walinde. Ndiyo maana jua la Januari, mvua za masika na sumu iliyotegewa panya huwafikia wao kabla ya mtu yeyote wa nyumba ile. Maelezo haya yanajibu maswali ambayo mfugaji wa kawaida hujiuliza, kuanzia yale ya msimu hadi ya ajali na kichaa cha mbwa.

Mbwa wetu wamezoea jua. Kwa nini tuwaangalie zaidi kipindi cha joto?

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Tezi zake chache za jasho ziko kwenye nyayo. Hujipoza kwa kutweta, yaani kupumua harakaharaka mdomo ukiwa wazi na ulimi ukiwa nje. Hewa inapokuwa ya moto na yenye unyevu mwingi, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga na Mtwara kati ya Desemba na Machi, kutweta peke yake hakumtoshi. Wanaozidiwa upesi ni wenye pua fupi, wanene, wazee na watoto wadogo.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

Hutweta bila kupumzika, hutoa ute mzito mdomoni, fizi zake huwa nyekundu sana, kisha huanza kuyumba, kutapika au kulala asiinuke. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo mwili wake huwa na joto kuliko wetu hata akiwa mzima. Likipita nyuzi 40 akiwa na dalili hizi, hiyo ni dharura.

Nifanye nini hapo hapo?

Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye nyayo, kisha mpepee kwa kipande cha boksi au feni. Maji ya kawaida ya bomba au kisima yanatosha, usipoteze muda kutafuta barafu. Mpe maji ya kunywa kidogokidogo akiwa na fahamu, lakini usimmiminie kooni kwa nguvu. Mpoze kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama anaonekana amepata nafuu, kwa sababu figo na ini vinaweza kuwa vimeumia.

Mbwa wangu hufungwa mnyororo mchana kutwa. Kuna ubaya gani?

Kivuli huhama, mbwa aliyefungwa hahami. Mti uliomfunika saa mbili asubuhi unaweza kumwacha juani ifikapo saa saba mchana, na sufuria ya maji aliyoipindua kwa mnyororo saa tatu hubaki tupu hadi jioni. Hali ni hiyo hiyo kwa maji ya mafuriko, moto wa takataka, nyuki na siafu: mbwa aliye huru hukimbia, aliyefungwa huvumilia mpaka mtu arudi.

Kama uzio upo, afadhali banda pana au ua uliofungwa geti. Kama hakuna, tandaza waya imara kati ya nguzo mbili na uufunge mnyororo kwenye pete inayoteleza juu ya waya huo, ili mbwa aweze kukifuata kivuli. Chombo cha maji kiwe kizito au kifukiwe nusu ardhini kisipinduke. Tena kagua mkanda wa shingoni kila wiki kwa kuingiza vidole viwili chini yake. Mtoto wa mbwa hukua, mkanda haukui, na vidonda vya shingo hufichwa na manyoya.

Naweza kumwacha ndani ya gari dakika chache, vioo vikiwa wazi kidogo?

Hapana. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani ya gari kunaweza kupita nyuzi 40 katika dakika 10 hadi 15, na kufungua vioo kidogo hakubadilishi sana. Lami pia huunguza nyayo: iguse kwa mgongo wa kiganja kwa sekunde saba, na ukishindwa kuvumilia, subiri jioni.

Mvua zikianza, hatari gani zinaongezeka?

Hatari ya kwanza ni siafu, na wengi huisahau mpaka iwakute. Msafara wa siafu ukiingia kwenye kizimba chenye watoto wa mbwa, au ukimkuta mbwa mnyororoni, unaweza kuua usiku mmoja. Kagua mazingira ya banda kabla ya kulala, ondoa majani yaliyooza, na banda lenyewe liinuliwe juu ya matofali, jambo ambalo pia humkinga mbwa na ardhi iliyolowa. Akivamiwa, mfungue kwanza, mtoe eneo lile, ndipo umbandue siafu, ukianza na masikio, pua na sehemu za siri.

Na nyuki?

Usifunge mbwa karibu na mzinga wala mti wenye nyuki. Wakimshambulia, usimkimbilie bila kujikinga, kwani unaweza kuwa wa pili kuumwa. Jifunike kabisa, mfungue au kata kamba, na muingie ndani. Uso ukivimba na akapumua kwa shida, mpeleke kwa daktari mara moja.

Nimemwona akila kumbikumbi na kumng'ata chura. Atakufa?

Kumbikumbi hawana sumu, ingawa akila wengi mno anaweza kutapika. Chura wa ngozi yenye vinundu hutoa utomvu unaomfanya mbwa atokwe na mate mengi. Mwoshe mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiwa kimeinama ili asiyameze, na umfikishe kwa daktari akianza kutetemeka au kuyumba.

Kupe wamemjaa. Nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe?

Usikisie. Dawa za kuogeshea ng'ombe hutengenezwa na kupimwa kwa ajili ya ng'ombe. Baadhi hazimfai mbwa kabisa, na nyingine humdhuru zikichanganywa kwa kipimo kikali. Muulize daktari au afisa mifugo dawa ya mbwa na kiasi chake kwa uzito, na usimruhusu ajilambe kabla hajakauka. Kupe hueneza magonjwa ya damu, kwa hiyo mbwa mwenye homa, fizi zilizopauka au mkojo mwekundu anahitaji tiba wala si kuogeshwa tu.

Kuna wanaopaka oili chafu ya gari kwenye upele. Inasaidia?

Ni kweli kwamba desturi hii imeenea, na anayeifanya huwa anataka kumsaidia mnyama wake. Lakini oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazopenya kwenye ngozi na kuingia tumboni anapojilamba. Upele wa mbwa husababishwa mara nyingi na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao wana dawa zao, za sindano, vidonge au matone.

Maji ya mafuriko yana madhara kwa mbwa?

Ndiyo, na kwa watu pia. Mkojo wa panya na wanyama wengine unaweza kuwa na bakteria wa leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Bakteria hao huingia kupitia michubuko, macho na mdomo. Mzuie mbwa asinywe maji yaliyotuama, vaa viatu vya mpira unaposafisha banda, na muulize daktari kuhusu chanjo ya ugonjwa huu kwa mbwa.

Ameumwa na nyoka. Nifunge kamba na kuchanja?

Hapana: usifunge kwa kukaza, usichanje, usinyonye, wala usipake mafuta ya taa. Mtulize, mbebe badala ya kumtembeza, mvue mkanda wa shingoni kama uso umevimba, na uende kwa daktari huku mwenzio akimpigia simu. Wengi huamini jiwe jeusi la nyoka, na imani hiyo ina sababu inayoeleweka: si kila nyoka anayeng'ata huingiza sumu, hivyo mgonjwa hupona hata bila jiwe. Jiwe lenyewe halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Swila mtema mate akimtemea machoni, mwoshe macho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi. Usitie maziwa wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Na usimuue nyoka ili umpeleke kama ushahidi. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, ikiwa inawezekana.

Akila sumu, maziwa yanasaidia?

Hili ndilo kosa linalogharimu mbwa wengi muda wao wa kuokolewa. Maziwa hayaui sumu. Baadhi ya sumu huyeyuka katika mafuta na huweza kufyonzwa haraka zaidi, na mbwa aliyelegea akinyweshwa kwa chupa hupaliwa maziwa yakaingia mapafuni. Chukua pakiti au chupa ya sumu, hata kipande chake chenye maandishi, na uende nayo kwa daktari, kwa sababu tiba hutegemea aina ya sumu.

Usimtapishe kwa chumvi, sabuni au vidole bila kuelekezwa na daktari. Aliyekunywa mafuta ya taa au tindikali ataungua koo mara ya pili akitapika, na mafuta hayo yanaweza kuingia mapafuni. Kama sumu imemmwagikia mwilini, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, nawe uvae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Amekula sumu ya panya tangu jana na bado anacheza. Si amepona?

Usiridhike. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili zake, yaani kutoka damu puani, kwenye fizi au chooni, huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Ipo dawa, vitamini K1, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Mbwa anaweza pia kupata sumu hiyo kwa kula panya aliyekufa nayo, hivyo zoa mizoga na uifukie.

Vyakula gani vya binadamu nisimpe?

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti, zabibu, makadamia na pombe pia ni hatari, pamoja na pipi na bazoka zisizo na sukari zenye kiungo kiitwacho zailitoli (xylitol). Mabaki ya pilau yanastahili kuangaliwa, kwa kuwa vitunguu na mifupa humo ndani havionekani haraka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Ana homa. Nimpe panado?

Usimpe. Parasetamoli, aibuprofeni na diklofenaki ni dawa ambazo mbwa hazisindiki mwilini kama sisi, na kidonge kinachomtuliza mtu mzima kinaweza kumharibia ini, tumbo au figo. Hata dawa aliyoandikiwa mbwa wa jirani haimfai wako mpaka apimwe.

Amegongwa na bodaboda. Nimwinueje?

Kumbuka kwamba mbwa mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. Chukua ukanda mrefu wa kanga, uzungushe mdomoni mara moja na kukaza kiasi, fungia chini ya kidevu, kisha pitisha ncha nyuma ya masikio na ufunge fundo jepesi linalofunguka haraka. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayepumua kwa shida au mwenye pua fupi. Mteleze juu ya ubao, mlango wa zamani au blanketi lililokazwa na watu wawili, mgongo ukiwa umenyooka, na panapovuja damu gandamiza kwa kitambaa safi bila kufunuafunua.

Dini yangu hainiruhusu kugusana na mate ya mbwa. Naweza kumsaidia?

Ndiyo. Blanketi, glavu, mfuko wa plastiki mkononi na fimbo ya kusogezea chombo cha maji vinatosha kwa huduma nyingi zilizoelezwa hapa. Kwa upande wa afya, glavu ni ushauri kwa kila mtu, wa dini yoyote, anapogusa damu au mate ya mnyama mgonjwa.

Amepata degedege. Nimtie kijiko mdomoni?

Hapana, mbwa hamezi ulimi wake. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, zima redio, angalia saa, na usimshike. Degedege likipita dakika tano, au likirudi mara ya pili siku hiyo hiyo, ni dharura. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, kaeni mbali naye na mumwite afisa mifugo.

Watoto wa mbwa wanaharisha damu. Ni minyoo?

Huenda ni minyoo, lakini pia huenda ni virusi vya parvo, ambavyo huua watoto wengi wa mbwa kwa kuwamalizia maji mwilini. Wapeleke kwa daktari siku hiyo hiyo wawekewe maji ya mshipani. Virusi hivi huishi kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine asiyechanjwa katika banda lile. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe takriban wiki 16.

Usiku wa mwaka mpya mbwa hutoroka kwa sababu ya fataki. Nifanyeje?

Mtembeze mapema jioni, kisha mfungie chumbani au stoo yenye mapazia, redio ikiwa imewashwa. Usimwache mnyororoni, kwani anaweza kujinyonga akijaribu kuruka ukuta. Andika namba yako ya simu kwenye mkanda wake kwa wino usiofutika, ili atakayemkuta asubuhi ajue wa kumpigia.

Je, jua kali ndilo linaloleta kichaa cha mbwa?

Hapana. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kung'ata, nao hutokea mwezi wowote. Kuna pia dhana kwamba mbwa kichaa huogopa maji. Hofu ya maji ni dalili inayoonekana kwa binadamu, ilhali mbwa mgonjwa anaweza kunywa maji au kuvuka mto. Dalili za kuangalia ni kubadilika tabia ghafla, kung'ata bila kuchokozwa, sauti kuwa ya kukwaruza, mate kumtoka, taya kulegea na miguu kupooza. Wengine hawawi wakali hata kidogo. Huwa wapole kupita kawaida na hujificha.

Mtu akiumwa na mbwa, hatua ya kwanza ni ipi?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala manyoya ya mbwa aliyeng'ata. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapimwe uhitaji wa chanjo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Wapo wanaoogopa kwa kusikia habari za sindano nyingi za tumboni: hizo zilikuwa chanjo za zamani. Za sasa huchomwa mkononi, dozi chache ndani ya wiki chache, na ni lazima zikamilishwe.

Mbwa aliyeng'ata auawe hapo hapo?

Kama anaweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10 chini ya usimamizi wa afisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini aliyeumwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali. Mbwa akifa, msimtupe wala kumfukia kabla ya kutoa taarifa, kwani ubongo wake unaweza kupimwa maabara.

Chanjo hupunguza ukali wa mbwa wa ulinzi?

Haipunguzi. Mbwa anaweza kusinzia au kuvimba kidogo alipochomwa kwa siku moja au mbili, basi. Kadhalika si kweli kwamba bangi au pilipili humfanya awe mlinzi bora. Humtesa, na mbwa anayeteseka hung'ata watoto wa nyumbani kabla ya mwizi.

Kwa nini nimchanje mmoja wakati mitaani wamejaa wasiochanjwa?

Kwa sababu ugonjwa hukatika pale takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapokuwa wamechanjwa, na kuua mbwa wa mitaani hakujathibitika kuutokomeza. Kisiwa cha Pemba kimetoa somo. Kampeni za chanjo zilimaliza kichaa cha mbwa huko mwaka 2014. Chanjo zilipolegea ugonjwa uliingia tena mwaka 2016, na kampeni zilizofuata zikauondoa tena mwaka 2018.

Sheria inasemaje kuhusu mimi kama mfugaji?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama amtunze na asimtese. Halmashauri nazo huwa na sheria ndogo kuhusu mbwa wanaozurura na chanjo, kwa hiyo ulizia za kwako ofisi ya kata. Una haki pia: anayejiita daktari wa mifugo anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, nawe unaweza kumuuliza usajili wake kabla hajamchoma mnyama wako sindano.

Chanjo ya kichaa inatolewa wapi na lini?

Kwa afisa mifugo wa kata, kliniki za mifugo, na kwenye kampeni za halmashauri, ambazo nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu, ingawa kwenye kampeni hata wadogo zaidi huchanjwa, na mbwa wote hurudia kila mwaka isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Peleka mbwa wako akiwa na kamba shingoni, ashikwe na mtu mzima wala si mtoto, na kadi yake uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto wako, ili siku akimng'ata mtu uipate bila kuitafuta.